Mshale Umelala

Nilitoboa dashibodi mwenyewe, Jumapili,
Shabab nzima ikiwa kanisani,
kando ya kibandiko cha malaika mlinzi
kilichobaki mabawa tu.
Nikapitisha kimpira chembamba kama utumbo wa kuku
hadi kwenye injini, nikakaza klipu,
nikajifuta mikono kwa suruali, fundi kamili.

Nikawasha. Nikakanyaga.
Turbo ikapiga mluzi wake,
moshi ukaruka ukuta ukashika shuka za Mama Wangeci,
na mshale ukalala pale pale kwenye sifuri,
mgeni aliyekataa kusalimu.

Wafubwa alikuja saa nane, njiti mdomoni.
Hakugusa geji. Alikifuata kimpira kwa kidole
kama mtu anayesoma barua ya deni.
"Umetoboa kabla ya turbo," akasema.
"Huku injini inavuta. Unapima kiu.
Shibe iko ng'ambo ile."

Tukahamisha. Bado sifuri.
Akaingia chini ya usukani, miguu nje,
akakuta pale kimpira kinapovuka bati
kimebanwa, kimekunjika kama goti la mwenye kusali.
Tukapanua tundu, tukakivisha kipande cha slipa kuukuu
kisikatwe.

Hapo mshale ukaamka.
Ukapanda hadi nusu kilo, ukasimama.
Tukalipeleka lori Sachangwan na tani saba za mbolea ya Ahero,
gia ya tatu, kanyagio limegusa sakafu:
nusu kilo.
Trela za mafuta zilinipita zikinionea huruma.

Nikaitukana geji. Ya bandia, nikasema.
Muuza spea akanibadilishia bila ugomvi.
Ya pili ikasema nusu kilo.
Ya tatu, ya kuazima, ikasema vilevile.
"Mashahidi watatu," akasema Wafubwa,
"na wewe bado unataka kukata rufaa."

Akaziba mdomo wa turbo kwa kopo la maziwa ya mtoto,
akaingiza upepo wa kompresa polepole,
akakoroga Omo kwenye kikombe cha plastiki
na kupaka kila paipu kwa brashi ya kunyolea.
Tukangoja.
Halafu chini ya paipu ya intakula,
upande usioonekana mpaka ulale chali,
povu likaanza kuhema.

Ufa wa urefu wa ukucha.
Kingo zake nyeusi, zimelainika kwa mafuta.
"Huu una mwaka," akasema.
"Dizeli yako ilikuwa inatoka hapa ikiitwa moshi."

Nikabaki chali, povu likinidondokea shavuni.
Mwaka.
Aprili nilimfukuza Kibiwott, tanboi wangu,
kwa lita ishirini na mbili kila safari
zilizokosa maelezo.
Nilimshusha Londiani, usiku, mvua inanyesha,
na blanketi lake kwenye mfuko wa unga.
Aliapa kwa mama yake.
Nikamwambia hata tangi linamjua.

Paipu mpya, elfu nne na mia tano.
Jana usiku nimepanda tena Sachangwan:
kilo moja na robo, bila kusitasita,
nyuma yangu hewa safi,
lori kama limesahau mzigo.

Taa ya geji ndiyo haijawaka.
Wafubwa anasema ni athi, waya umefungwa juu ya rangi
badala ya chuma; ataitazama Jumamosi.
Kwa hivyo namulika mshale kwa simu,
simu ile ile ambayo ndani yake
Kibiwott ameandikwa Mwizi Dizeli.

Mau Summit nikaegesha. Nikalifuta.
Nilitaka kuandika jina lake, nikakwama kwenye K.
Namba imebaki peke yake, tarakimu kumi,
injini inanguruma bila kazi,
mshale umelala kwenye sifuri, safari hii kwa haki,
na kidole changu juu ya kitufe cha kijani.